Walikufa Wakidai Mkutano Ufunguliwe



Kuna neno linalosikika kila mahali nchini mwetu, na wanaolitamka hujihesabu kuwa wenye busara: huu si wakati wa mijadala. Mtawala hulitamka akionyesha kwa kidole vita vya mashariki. Mpinzani hulitamka anapotaka wafuasi wake wamfuate bila kuuliza njia. Hata ndani ya Kanisa limepata makao: mkristo mnyofu hukuambia kwamba mijadala huleta mafarakano, na kwamba yafaa kusali tu na kuwaachia wakubwa mambo ya wakubwa. Sisi waamini walei tunalikataa neno hilo. Tunalikataa kwa sababu kumbukumbu ya nchi yetu inalikanusha, na kwa sababu imani yetu hailijui.

Tuanze na kumbukumbu. Mnamo Agosti 1991, utawala wa chama kimoja ulipokuwa umetikisika, ulifunguliwa mjini Kinshasa Mkutano Mkuu wa Kitaifa. Wajumbe zaidi ya elfu mbili walitoka katika kila pembe ya nchi iliyoitwa wakati ule Zaïre. Mwezi Desemba walimchagua Laurent Monsengwo, Askofu Mkuu wa Kisangani, awe mwenyekiti wao. Tarehe 19 Januari 1992 Waziri Mkuu Nguz Karl-i-Bond akausimamisha. Jumapili tarehe 16 Februari wakristo wa Kinshasa wakatoka makanisani wakishika Biblia, rozari na matawi, wakiimba. Askari wakawafyatulia risasi. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi.

Tutafakari walichokuwa wakidai. Hawakuomba mshahara, ingawa wengi wao hawakuwa na mshahara. Hawakumwombea cheo mtu wa kabila lao. Walidai mkutano ufunguliwe tena, watu waendelee kusema na kusikilizwa. Mama aliyeanguka barabarani siku ile, rozari mkononi, alitoa uhai wake kwa ajili ya jambo ambalo leo tunaambiwa ni anasa. Na mkutano ulifunguliwa tena, mwezi Aprili mwaka ule ule.

Twajua jibu la wenye kudharau. Watasema kwamba mkutano ule haukuzaa kitu, kwamba Mobutu alibaki mahali pake hadi Mei 1997, na kwamba aliyemwondoa alikuja na bunduki. Wataongeza kwamba ukumbini mlijaa maneno matupu, na vyama vilivyozaliwa ili kupata viti na posho. Mengi ya hayo ni kweli. Lakini yafaa kuuliza kilichoshindwa ni nini. Maazimio yaliandikwa, waliokuwa na jeshi na hazina hawakutaka kuyatekeleza. Mgonjwa akikataa dawa, hatusemi kwamba utabibu haufai kitu. Na wale waliochoshwa na maneno wakaishangilia bunduki ya 1997 walipata nini? Agosti 1998, mwaka mmoja na miezi michache baadaye, vita vya pili vilikuwa vimekwisha kuanza.

Sababu ya uadui huu dhidi ya mazungumzo, kwa maoni yetu, ni hofu ya kuonekana hatujui. Katika nchi yetu kiongozi hudhaniwa kuwa mtu mwenye jibu kabla ya swali. Akisema "bado natafuta", wafuasi hunong'ona kwamba ni dhaifu. Basi hujifunza kujibu upesi, na sisi hujifunza kupiga makofi upesi.

Tutoe mfano ulio karibu. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume itakayoitazama upya Katiba ya mwaka 2006. Tangu siku ile nchi iligawanyika katika makundi mawili, na kila kundi lilikuwa na hakika kamili. Wa kwanza walisema Katiba ndiyo chanzo cha matatizo yetu. Wa pili walisema hata kuitamka ni uhaini. Maswali ya katikati hayakupata mwulizaji. Kwa mfano: kati ya maovu tunayoyateseka, ni yapi yanayotokana na maandishi ya Katiba, na ni yapi yanayotokana na kutoyatii? Kifungu cha 175 chasema mikoa ibaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana kwao. Jambo hilo halijatekelezwa kama lilivyoandikwa. Je, mwandishi wa kifungu ndiye wa kulaumiwa, au mshika hazina? Na kifungu cha 220, kinachokataza kugusa idadi na muda wa mihula ya Rais, kiliwekwa kwa sababu gani, na sababu ile imekwisha kutoweka? Hayo ni maswali ambayo mwalimu wa kijiji, muuzaji wa sokoni na mwanasheria waweza kuyachunguza pamoja. Badala yake tulipewa nyimbo za kuimba, kila kambi na wimbo wake.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha wafalme wawili, baba na mwana. Solomoni, huko Gibeoni, alikiri mbele ya Mungu kwamba kazi ilikuwa kubwa kuliko umri na ujuzi wake, akaomba moyo wenye kusikiliza. Ombi hilo lilimpendeza Bwana kuliko ombi la mali na maisha marefu. Mwanawe Rehoboamu alijiwa na taifa zima likilia juu ya nira nzito. Aliwauliza wazee, nao wakampa shauri la upole. Aliwauliza vijana waliokua pamoja naye, nao wakampa shauri la ukali. Alifuata lile lililomfanya aonekane mwenye nguvu. Siku ya tatu alijibu kwa sauti kubwa, bila shaka yoyote, na makabila kumi yakamwacha. Wahenga wetu wasema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Rehoboamu alikuwa na wazee. Kilichokosekana ni sikio.

Wengine watatuambia kwamba hayo ni ya Agano la Kale, na kwamba Kanisa ni mahali pa utii. Wasome basi sura ya kumi na tano ya Matendo ya Mitume. Swali la tohara lilipotishia kuligawa Kanisa changa, Petro hakutoa amri kutoka nyumbani kwake. Mitume na wazee walikutana Yerusalemu, wakahojiana sana. Petro akasema, Paulo na Barnaba wakaeleza waliyoyaona, mkutano ukanyamaza kuwasikiliza, Yakobo akatoa shauri. Ndipo wakathubutu kuandika kwamba uamuzi ule ulikuwa wa Roho Mtakatifu na wao. Roho hakuogopa mabishano yale, alipita humo.

Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliwaonya walei wasidhani kwamba wachungaji wao wana jibu tayari kwa kila tatizo linalozuka. Ukaongeza kwamba wakristo wenye dhamiri njema waweza kutofautiana katika mambo ya dunia hii, na kwamba asiwepo anayejitwalia mamlaka ya Kanisa kwa ajili ya maoni yake peke yake. Tunaikiri Kanuni ya Imani bila kusitasita. Lakini mgawanyo wa mapato ya madini haumo katika Kanuni ya Imani. Anayeusemea kama kwamba aliupokea Sinai anaidhulumu siasa, na anaidhulumu imani pia.

Lakini vita je? Hapa ndipo tunapoambiwa kwa ukali zaidi kunyamaza. Sisi twaona kinyume: vita ndivyo vinavyoonyesha thamani ya neno. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu hakuwa na askari hata mmoja. Noeli ya mwaka 1999 aliwaandikia waamini wake barua. Februari 2000 wenye bunduki walimzuia kurudi jimboni kwake, akakaa uhamishoni Butembo kwa miezi mingi. Kama maneno ni upepo, mbona waliuogopa upepo? Na mwaka 2025 maaskofu wa CENCO pamoja na ndugu zetu wa ECC walipopendekeza Mapatano ya Kijamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja vema, wakaenda kuonana na pande zote, walilaumiwa kwamba wanazungumza na adui. Twawauliza wenye kulaumu: amani mliyopata kuiona, iliwahi kufanywa na marafiki tu? Kumsikiliza mtu si kumpa haki. Damu iliyomwagika Goma na Bukavu inadai ukweli na hukumu, na hayo mawili hayapatikani pasipo mtu kusema na mwingine kusikiliza.

Hatudai kwamba kila kelele ni mazungumzo. Wale wanaosimama mbele ya magazeti Kinshasa, ambao watu huwaita wabunge wa kusimama, wana hamu ya kusema ambayo twaiheshimu. Lakini mara nyingi hushinda mwenye sauti kubwa. Redio zetu nazo huwaalika watu wawili waliokwisha kuamua, ili tuwasikie wakitukanana. Mazungumzo yana masharti yake. Kila mmoja akubali kwamba mwenzake aweza kuwa na kipande cha ukweli ambacho yeye hana. Asemaye jambo aeleze amelijuaje. Na mwenye madaraka asikilize kabla ya kuamua, kisha awaeleze watu sababu za uamuzi wake.

Tuna shule ya kujifunzia hayo, nayo iko karibu na nyumba zetu. Maaskofu wetu walichagua tangu mwaka 1961 kulijenga Kanisa la Kongo juu ya jumuiya hai za msingi, zile tuziitazo shirika. Mashirika mengi yamegeuzwa kuwa mahali pa matangazo na michango: mmoja husoma, mmoja hufafanua, wengine huitikia amina. Lakini Sinodi iliyomalizika Oktoba 2024 imetupa njia nyingine iliyo rahisi. Kila mmoja aseme kwa zamu, bila kukatizwa. Kisha pawe na kimya. Kisha kila mmoja aeleze lililomgusa katika maneno ya wenzake, kabla ya kurudia yake. Mwishoni waandike pamoja yale wanayokubaliana, na yale ambayo bado hawakubaliani.

Ombi letu kwa viongozi wa mashirika na wa vyama vya walei ni hili. Tarehe 16 Februari ijayo, baada ya Misa ya kuwaombea marehemu wetu, msiwaruhusu watu kutawanyika mara moja. Wekeni viti kwa duara. Mwalikeni diwani, chifu wa mtaa, mwalimu, kijana asiye na kazi, mama wa soko. Chagueni swali moja linaloumiza mtaa wenu, ambalo bado hakuna anayejua jibu lake: maji, usalama wa usiku, karo, au wakimbizi waliopokewa majumbani. Mkutano ufunguliwe kwa sala, na mwenye cheo aseme wa mwisho.

Bikira Maria Malkia wa Amani atuombee.