Tusingoje Mpaka Mama Aanguke

Sisi wauguzi wa huku Kondoa huletewa mama aliyejifungulia nyumbani akiwa ametokwa na damu nyingi. Tukiuliza mbona amecheleweshwa, hujibiwa: "Alikuwa anaongea vizuri, hata uji alikunywa. Amezidiwa sasa hivi tu." Ndugu hao hawasemi uongo. Mwili wenyewe umewadanganya.

Katika mishipa mikubwa ya damu, shingoni na juu ya moyo, kuna sehemu zinazopima msukumo wa damu wakati wote. Msukumo ukianza kupungua, habari hufika kwenye ubongo, nao huamsha mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuiamuru. Hapo moyo hupiga haraka zaidi, na mishipa midogo ya damu ya ngozi na tumbo hujibana. Ni kama mkulima wa bustani aliyepungukiwa maji: hufunga mifereji ya pembeni ili mfereji mkuu usikauke. Hivyo ubongo na moyo huendelea kupata damu.

Kwa sababu hiyo mtu mzima mwenye damu kama lita 5 anaweza kupoteza hata lita 1, na kipimo cha presha kikaonekana bado kizuri. Mama aliyetoka kujifungua ana damu zaidi ya kawaida, kwa hiyo yeye huweza kuficha hatari kwa muda mrefu zaidi. Nguvu hiyo ikimwishia, presha huanguka ghafla, na nafasi ya kumwokoa huwa ndogo.

Maoni yetu ni kwamba presha isiwe hakimu peke yake. Damu ikizidi nusu lita, au mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika, mikono ikiwa baridi, akitoka jasho, akiona kiu na kuhangaika, hiyo ni hatari tayari. Alazwe, afunikwe, mtoto anyonyeshwe, na safari ianze mara moja. Ndugu wawili watatu wafuatane naye kwa ajili ya kutoa damu. Nasi wauguzi tusiandike "presha nzuri" kabla ya kushika mapigo.

Lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, imetusaidia sana. Lakini kutoka vijiji vya milimani hadi kuifikia, makorongo hujaa wakati wa mvua. Akina baba, wekeni nauli mapema, na mama ajifungulie kituoni. Ikitokea damu nyumbani, msingoje kikao cha ukoo. Mama anayeongea leo ndiye wa kuwahishwa leo.