Muziki Hauponyi Kila Jeraha: Dhidi ya Uhakiki wa Faraja

Imekuwa ada miongoni mwa wahakiki wa fasihi ya watoto kuzisoma hadithi za muziki na mauaji ya Wayahudi kama hadithi za faraja. Fidla ikitajwa tu, mhakiki hukimbilia kutangaza kwamba sanaa huishinda dhuluma. Usomaji huu ni wa kivivu na, zaidi ya hayo, unawadhulumu waliokufa.

Tuchukue The Mozart Question (2007), novela ya Michael Morpurgo. Paolo Levi, mpiga fidla mashuhuri aliyelelewa Venice, hapigi kamwe muziki wa Mozart hadharani. Babake, kinyozi, naye alikuwa mpiga fidla, lakini ameiacha na hataki kuizungumzia. Siri hufichuka baadaye: wazazi hawa Wayahudi walinusurika kambini kwa kupiga muziki ili wenzao waliokuwa wakipelekwa kuuawa watulie. Je, hapa muziki umemponya nani? Uliwahifadhi wapigaji na papo hapo ukawatumikia wauaji.

Jambo hili lina mizizi katika historia. Kambi ya Auschwitz-Birkenau ilikuwa na okestra za wafungwa. Ile ya wanawake iliongozwa na Alma Rosé kuanzia 1943 hadi alipofariki mwaka 1944. Kazi yao ya kila siku ilikuwa kupiga muziki wa gwaride langoni, wafungwa wakienda kazini na wakirudi. Simon Laks, aliyeongoza okestra ya wanaume na akanusurika, alikana katika kumbukumbu zake kwamba muziki ule uliwainua wafungwa. Mhakiki anayeshikilia kinyume chake hana budi kwanza kumjibu shahidi huyu.

Wapo watakaosema mtoto asitwikwe mzigo huu. Hoja hiyo inapingwa na novela yenyewe: kinachomlemea Paolo utotoni ni ukimya wa wazazi, wala si ukweli. Akishaambiwa, anaelewa, na anaahidi kumstahi babake.

Udhaifu wa Morpurgo uko kwenye tamati. Baba anapofariki, ahadi inakoma, Mozart anarudishwa jukwaani, na kidonda kinafungwa upesi mno. Hapo ndipo wahakiki wa faraja wanapopata kisingizio chao. Wajibu wetu ni kumwachia msomaji mchanga swali likiwa wazi: aibu ya muziki ule ni ya nani, na kwa nini aliyeibeba maisha yake yote akawa ni yule aliyelazimishwa kuupiga?