Nyundo si Aibu kwa Vijana Wetu

Wako wazazi wa Kiislamu hapa pwani ambao mpaka leo, kijana wao akisema ataka kusomea ufundi wa mitambo, huona kama amewavunjia heshima. Wao wamtaka avae shati jeupe, akae mezani, ashike kalamu. Twawaomba watusikilize kidogo, kwani jambo hili lilikwisha fikiriwa Mombasa tangu zama za wazee wao.

Katika miaka ya 1940 riziki za mji zilitegemea bahari kwa njia mbili. Yalikuwako majahazi, yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba yakileta tende na mazulia, kisha yakarejea na kusi yamejaa boriti za mikoko. Na ilikuwako Kilindini, ambako shehena za meli zilichukuliwa kwa mabega ya vibarua wa siku: leo kazi iko, kesho haiko. Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 waligoma, na mji ukasimama kwa siku 12. Machi 1955 watu wa bandarini wakagoma tena, naye Tom Mboya akaingia kati kuwasemea, na mishahara ikaongezwa kwa theluthi hivi. Lakini yafaa tutazame na upande wa pili. Katika miaka ile ile ukibarua ulianza kupunguzwa, na nafasi zikawa za watu walioandikwa daftarini. Asiyekuwa na kitu ila bega lake akaanza kufungiwa mlango.

Hapo ndipo tuonapo busara ya waliojenga chuo cha Tudor. Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa bin Harub, alitoa pauni 100,000. Aga Khan naye akatoa kiasi kama hicho. Mabohora na serikali ya Uingereza wakaongeza. Chuo kikaasisiwa mwaka 1948, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951. Kiliitwa Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, na watu wakakizoea kwa herufi zake, MIOME. Aliyetazamia kukuta humo fikihi peke yake alikuta vijana wameshika tupa na randa, wakijifunza umeme, mitambo, useremala na ubaharia. Twawastaajabia hasa wakubwa wale kwa kuwa wao wenyewe hawakuwa watu wa nyundo. Walikuwa watu wa majumba ya kifalme na maduka makubwa, nao waliona kwamba mtoto wa kimaskini hafai kuachiwa kungoja jahazi.

Mwaka 1966 jina likabadilishwa, kikawa chuo cha ufundi cha watu wote. Tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na wasichana nao husomea uhandisi humo. Wako wanaosikitikia jina lile la kwanza. Sisi masikitiko yetu ni mengine: kwamba mlango uliofunguliwa kwa mali za Waislamu, wako Waislamu wa mitaa ya jirani wanaoupita kwa kuona haya ya mikono yenye mafuta. Je, Nabii Daudi (a.s.) hakufua chuma, akatengeneza nguo za vita kwa mikono yake? Naye alikuwa mfalme.

Majahazi yale hayaji tena kama zamani. Shehena hufika ndani ya makontena, na tangu 2018 nyingine huchukuliwa kwa reli mpya mpaka Nairobi. Kreni moja hufanya kazi iliyokuwa ya genge zima la makuli, wala haichoki. Lakini huharibika, na ikiharibika huitwa fundi. Fundi huyo ni mtoto wa nani? Hilo ndilo twalowauliza wazazi, hasa wale ambao wana wao wamemaliza shule na sasa wakaa barazani mchana kutwa wakingoja kazi ya ofisi.

Anayetaka kwenda kuuliza, chuo kiko Tudor pale pale, kwenye barabara iitwayo kwa jina la Tom Mboya, yule aliyewasemea makuli mwaka 1955.