TV ya ofa: Shabiki, uliza garantii iko mkoa gani

KOMBE la Dunia linaanza Juni 11, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini ratiba imetukalia vibaya. Mexico na Afrika Kusini wanafungua saa 4 usiku kwa saa zetu, hiyo ina nafuu. Lakini zipo mechi za saa 10 alfajiri, katikati ya baridi ya Juni na Julai.

Nani atatoka kitandani Iyunga aende kibanda umiza saa hiyo? Ndiyo maana ukipita Mwanjelwa au Kabwe jijini Mbeya, au Miomboni pale Iringa, utawakuta mashabiki wamesimama mbele ya maduka wakipiga hesabu ya TV kubwa ya nyumbani. Tena iwe ya ofa.

Sipingi. Wengi wetu hatuna uwezo wa TV zenye majina makubwa, na jina geni peke yake siyo kosa. Ninachopinga ni kununua inchi bila kuuliza kitu kingine, kama klabu inayosajili straika kwa sababu tu ni mrefu.

Nalisema hili kwa aibu. Januari 2024, wakati wa Afcon ya Ivory Coast, mjomba wangu wa Ipogolo, Iringa, mwenye banda la kuonyesha mpira, aliniuliza anunue TV gani. Kwenye ukoo mimi ndiye naandika michezo, basi naonekana najua kila kitu chenye mpira ndani yake. Nikamtumia tangazo la duka moja la Dar es Salaam: inchi 55, 4K, bei imekatwa, garantii mwaka mmoja. Akatuma pesa kwa simu.

Boksi lilipakiwa kwenye basi, likapanda Kitonga, likafika bila mkwaruzo hata mmoja. Alipoiwasha TV, kioo kilikuwa kimepasuka kwa ndani. Mistari ya rangi upande mmoja, doa jeusi kama wino uliomwagika upande wa pili.

Duka likasema iliondoka nzima. Watu wa basi wakasema wao walipokea boksi, yaliyomo ndani hawayajui. Garantii haihusu kioo kilichovunjika. Fundi wa mjini akataja bei ya kioo kipya, ikakaribia bei ya TV yenyewe.

Januari 21 Taifa Stars ilicheza na Zambia, Simon Msuva akafunga. Mjomba aliliona bao hilo kwa jirani, kwenye TV ndogo, huku mabenchi yake yakiwa yameegeshwa ukutani na wateja wake wamehamia banda lingine. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mjomba, bao zuri." Mpaka leo lile neno linaniuma kuliko angenigombeza.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanza na garantii. Kutoka Dar hadi Iringa ni karibu kilomita 500, hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Garantii inayokutaka uirudishe TV Dar maana yake ulipe usafiri kwenda na kurudi, tena kwa hatari ile ile ya barabarani. Kwa mtu wa Uyole au Tukuyu hiyo ni karatasi tu.

Muulize muuzaji: fundi wenu wa huku yuko mtaa gani? Garantii inahusu nini, na haihusu nini? Akianza kung'ang'ania punguzo badala ya kujibu, ondoka. TV iliyozidi bei kidogo kwenye duka unalopita kila siku inaweza kuwa rahisi kuliko ile ya ofa ya mbali. Chukua risiti ya EFD na hakikisha modeli imeandikwa.

Kama ni lazima itoke Dar, isafiri imesimama, isilazwe wala kuwekewa mzigo juu. Kubalianeni kwa maandishi nani analipa ikivunjika njiani. Na ukiipokea, iwashe hapo hapo kabla hujasaini chochote.

La pili ni picha. Boksi likiandikwa 4K, uliza kioo chenyewe kina pikseli ngapi. 4K ya kweli ni 3840 kwa 2160. Full HD ni 1920 kwa 1080, na HD ya chini yake mara nyingi ni 1366 kwa 768. Kuna maboksi yanaandika 4K kwa maana kwamba TV inaweza kupokea video ya 4K, wakati kioo hakifiki huko.

Tena kama unaangalia mpira kwa king'amuzi cha HD, hiyo 4K siyo kitu cha kukunyima usingizi. Inchi 43 yenye kioo kizuri cha Full HD itakupa mpira msafi kuliko inchi 55 ya kubabaisha. Na kama king'amuzi bado umekiunga kwa ule waya wa nyekundu, nyeupe na njano, tumia HDMI kwanza. Bila hivyo, kioo kikubwa kitakuza ukungu tu.

Dukani watakuwekea video ya samaki na maua. Mwambie muuzaji aweke mechi. Subiri kipa apige mpira mrefu, uone kama mpira unaburuta mkia. Kisha sogea pembeni kabisa, maana siku ya mechi kubwa sebule inajaa na nusu ya watu wanakaa pembeni. Jezi ya Simba ikianza kupauka, hiyo TV siyo ya mpira.

La tatu ni umeme. Ukikatika na kurudi kwa nguvu, bodi inaungua. Kile kifaa cha kulinda TV kiingize kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukifika nyumbani, shusha mwanga, maana dukani huwa wameupandisha mpaka mwisho. Taa za nyuma ya kioo zitadumu zaidi.

Na wauzaji wetu wa Mbeya na Iringa, andikeni ukweli wa kioo kwenye kibandiko cha bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Tangazo la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" halimpi mtu ruhusa ya kuuza HD kwa jina la 4K.

Mjomba alikaa miezi kadhaa akikusanya pesa upya. Safari hii hakuniuliza. Alienda duka la Iringa mjini, akachagua inchi 43 ya jina ambalo sijawahi kulisikia, akaangalia kipindi kizima cha kwanza amesimama hapo hapo dukani ndipo akalipa. Akairudisha Ipogolo kwa bajaji, imesimama katikati ya magoti yake.

Mwaka jana taa zake ziliungua. Fundi wa duka alizibadilisha ndani ya siku mbili na TV haikutoka Iringa. Mjomba anasema itafika Afcon ya 2027, ile tutakayoandaa sisi na Kenya na Uganda.

Juni 11 saa 4 usiku nitakuwa kwenye benchi lake la pembeni. Nimeshalijaribu, picha inaonekana vizuri. Ukija, beba blanketi.