Mimi ni Nani?

Ukiulizwa wewe ni nani, bila shaka hutaja jina, kazi au shule. Je, hivyo vikiondoka, hubaki nani?

Mwaka 1896, mjini Madurai, kusini mwa India, kijana wa miaka 16 alishikwa ghafla na hofu ya kifo. Hakumwita daktari. Alijilaza, akakakamaa kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukifa, nami nitakufa? Akang'amua kuwa yeye si mwili. Hofu ikamtoka.

Huyo ndiye Ramana Maharshi, aliyefariki mwaka 1950. Aliwafundisha wafuasi wake hivi: wazo likikujia, jiulize limemjia nani. Ukijibu "mimi", uliza tena: mimi ni nani? Usitafute jibu la maneno; tulia, umfuate huyo "mimi" hadi anakochipukia.

Ukianguka mtihani au ukiachishwa kazi, kilichopotea ni alama au cheo. Wewe ungalipo.