Mfereji Umerudi Kuwa Mtaro
Sisi Wakenya huita bilula "mfereji", ingawa asili ya neno hilo ni njia ya maji ardhini. Majuzi, nyumbani nilikopanga Homa Bay, bomba la chuma lililoliwa na kutu lilipofukuliwa, niliiona maana hiyo ya kale ikirejea: maji yakikatika, uchafu wa mtaroni hupenya matunduni.

Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Migori na Homa Bay. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chatuahidi maji safi na salama, na usambazaji wake ni jukumu la kaunti. Mwenye nyumba na abadilishe mabomba yake. Lakini ya barabarani yakibaki mabovu, si atakuwa amenunua mabomba mapya ya kupitishia uchafu ule ule?