`gzip on;` pekee haitoshi

Ndugu mwandishi, makala yako imetuacha njiani. Kwenye Nginx, ukiandika `gzip on;` ukaishia hapo, seva itabana HTML tu. CSS, JavaScript na JSON zitaendelea kusafiri na uzito wake wote, na mara nyingi hizo ndizo nzito kuliko ukurasa wenyewe. Lazima uzitaje kwenye `gzip_types`: text/css, application/javascript, application/json, na image/svg+xml kama unatumia SVG.

Picha za JPEG na video ziache. Zimeshabanwa tayari, utaichosha prosesa bure. `gzip_comp_level` inaanzia 1 hadi 9. Mimi huweka 5, maana ukipanda zaidi faili hupungua kidogo sana na kazi ya seva huongezeka.

Kisha hakikisha kwa macho yako. Fungua zana za wasanidi kwenye kivinjari, nenda sehemu ya mtandao, bofya faili la CSS, soma vichwa vya jibu. Usipoona Content-Encoding: gzip, halijabanwa kwa gzip, hata kama mipangilio inasema vingine.

Nasisitiza kwa sababu wasomaji wetu wengi wanaingia kwa bando la siku. Faili la JavaScript la KB 300 mara nyingi hushuka hadi KB 100 hivi, na tofauti hiyo inatoka mfukoni mwa mtu.

Ila kwa kurasa zenye tokeni za siri, soma kwanza kuhusu BREACH, shambulio lililotangazwa 2013, kabla ya kuzibana.